Msomi wa Amani Aanzie Nyumbani

Kila mwaka, mwezi wa Septemba unapokaribia, familia kadhaa za Kisumu na za vijiji vya ukingo wa Ziwa Viktoria hujikuta katika pilkapilka zile zile. Kijana amepata barua ya kukubaliwa katika chuo kikuu cha ng'ambo. Harambee inaitishwa, shangazi na wajomba wanachanga, ng'ombe mmoja au wawili wanapelekwa mnadani, na siku ya safari ukoo mzima unamsindikiza hadi uwanja wa ndege.

Hayo si mageni. Lililo geni ni jina la masomo yenyewe. Zamani mzazi aliambiwa kwamba mwanawe anakwenda kusomea udaktari, uhandisi au sheria, naye akafahamu mara moja. Siku hizi aweza kuambiwa kwamba kijana anakwenda kuchukua shahada ya uzamili katika mbinu za kukabiliana na ugaidi na utatuzi wa migogoro. Mzee huitikia kwa kichwa mbele ya wageni, kisha akiwa peke yake hujiuliza: Je, hiyo nayo ni kazi gani?

Swali la mzee huyo si la ujinga. Ni swali ambalo wanafunzi wenyewe, wafadhili wao, vyuo vyetu na Serikali wangepaswa kulijibu kabla ya ndege kuruka. Maoni yetu ni kwamba masomo haya yanahitajika, tena sana. Lakini yamekuwa yakisomwa kwa macho ya watu wengine na kwa maswali ya watu wengine. Kijana wa ziwani na ayafuate hata ikiwa ni mwisho wa dunia, mradi swali analolichunguza litoke nyumbani, na jibu lake lirudi nyumbani.

Watu wa Nyanza si wageni katika safari za masomo. Mwaka 1959 Tom Mboya, ambaye kwao ni kisiwa cha Rusinga, alifanikisha safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 nchini Marekani, na baada yao wakafuata mamia. Kwa upande mwingine Jaramogi Oginga Odinga aliwafungulia vijana wengine milango ya vyuo vya Urusi na Ulaya ya Mashariki. Viongozi hao wawili walihitilafiana katika mengi, lakini katika hili walikuwa kitu kimoja: nchi ilikuwa karibu kujitawala, na viti vya wakoloni vilihitaji watu wa kuvikalia. Kila aliyepanda ndege wakati ule alijua anakwenda kutafuta nini na kwa ajili ya nani.

Je, wanaoondoka leo wanajua? Ili kulijibu swali hilo yafaa tuyatazame masomo haya yalivyozaliwa, kwa maana yana wazazi wawili ambao hawakuwa na nia moja.

Mzazi wa kwanza ni taaluma ya amani. Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza kilianzisha idara ya masomo ya amani mwaka 1973, kwa juhudi za madhehebu ya Marafiki, wale wanaojulikana pia kama Quaker. Madhehebu hayo si mageni kwetu. Wamisionari wake walifika Kaimosi, mwendo mfupi tu kutoka Kisumu, mwaka 1902, na leo waumini wao wamejaa kote magharibi mwa Kenya. Profesa wa kwanza wa idara hiyo, Adam Curle, alikuwa mtu aliyewahi kwenda huku na huko akitafuta suluhu katika vita vya Nigeria na Biafra. Swali lake lilikuwa hili: watu waliokwisha kumwagiana damu wataishije tena pamoja?

Mzazi wa pili ni taaluma ya ugaidi. Chuo Kikuu cha St Andrews, huko Uskoti, kilifungua kituo cha kuchunguza ugaidi na vurugu za kisiasa mwaka 1994. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 nchini Marekani, vituo vya namna hiyo viliota kama uyoga baada ya mvua. Fedha zilimiminika, na swali lililoulizwa likawa jingine kabisa: Serikali itamtambuaje adui wake, na itamzuiaje kabla hajashambulia?

Maswali yote mawili ni halali. Lakini si swali moja, na atakayedhani kwamba kulijibu la pili ni kulijibu la kwanza atapotea njia na kuwapoteza wanaomfuata.

Hakuna Mkenya mwenye haki ya kulidharau swali hilo la pili. Agosti 7, 1998 bomu lililolipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi liliua watu 213. Mwaka 2013 watu 67 waliuawa katika jumba la Westgate. Aprili 2, 2015 washambuliaji waliingia katika Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri wakawaua watu 148, wengi wao wakiwa wanafunzi waliotoka katika kila pembe ya nchi hii. Taifa lililozika watoto wake kwa namna hiyo linahitaji wataalamu wanaofahamu jinsi kijana anavyoshawishiwa, jinsi fedha zinavyopita mipakani na jinsi fununu inavyochunguzwa ikageuka ushahidi mahakamani.

Hata hivyo, twapaswa kukumbuka yaliyotokea mambo hayo yalipoachiwa nguvu bila maarifa. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa, na wengi wao, hasa Wasomali, wakakusanywa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Kosa la wengi lilikuwa sura zao na mtaa wanaoishi. Mwaka mmoja haukupita, Garissa ikatokea. Wapo wanaosema dawa ya moto ni moto. Lakini anayemwaga mafuta akidhani ni maji hastahili kuitwa mzima moto.

Sasa turudi ukingoni mwa ziwa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vitabu vya ugaidi vinavyosomeshwa ng'ambo vimeandikwa na watu waliolalia vitanda vyao: London, New York, Paris. Kunguni wa Kisumu ni wa aina nyingine.

Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Kati ya hivyo, 134 vilikuwa Nyanza, na wengi wa waliokufa huku waliuawa kwa risasi. Wakati huo huo maduka katikati ya mji wa Kisumu yaliporwa na kuteketezwa, na majirani walioishi nasi miaka mingi wakafukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Yote mawili ni kweli, na mkazi wa Kisumu anayelikumbuka moja tu na kulisahau la pili hajaanza kujifunza utatuzi wa migogoro.

Agosti 2017 mtoto mchanga wa miezi sita alijeruhiwa polisi walipovamia nyumba yao katika mtaa wa Nyalenda wakati wa vurugu za uchaguzi, akafariki siku chache baadaye. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu aliyechunguza kifo hicho aliwatia lawamani polisi. Machi 2023, wakati wa maandamano ya kulalamikia gharama ya maisha, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno aliuawa kwa risasi. Mkazi wa Kondele au Manyatta akiulizwa ni nini kinachomtia hofu nyakati za uchaguzi, hatalitaja kundi la kigeni. Atataja lori lenye vijana wa fimbo, na lori jingine lenye askari wa bunduki.

Hapa ndipo neno lenyewe linapohitaji kutazamwa kwa makini. Serikali ya kikoloni iliwaita wapiganaji wa Mau Mau magaidi, na hata baada ya uhuru marufuku dhidi ya kundi lao ilibaki katika sheria zetu hadi mwaka 2003. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi, na sababu ilikuwepo. Lakini mwaka 2025 vijana kadhaa waliokamatwa kuhusiana na maandamano walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya ugaidi. Pamoja na kuchunguza jinsi gaidi anavyotenda, msomi wa fani hii anao wajibu wa kuchunguza pia ni nani anayepewa jina hilo, nani anayempa, na kwa faida ya nani. Asipofanya hivyo atakuwa karani wa kuandika majina aliyotajiwa na wakubwa.

Kuna watakaosema kwamba basi masomo ya ng'ambo hayana maana, kijana na abaki hapa. Hatukubaliani nao, na tunao ushahidi wa mtu wa kwetu.

Aprili 1994 Afrika Kusini ilikuwa ukingoni mwa vita. Uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote ulikuwa umepangwa kuanza Aprili 26. Chama cha Inkatha cha Mangosuthu Buthelezi kilikuwa kimeususia, na damu ilikuwa ikimwagika kila siku KwaZulu-Natal. Wapatanishi mashuhuri wa dunia, miongoni mwao Henry Kissinger wa Marekani na Lord Carrington wa Uingereza, walifika, wakashindwa, wakafunga mikoba yao na kuondoka. Aliyebaki ni Washington Okumu, Mkenya mzaliwa wa Nyanza, aliyesomea Chuo Kikuu cha Harvard.

Okumu alimfahamu Buthelezi tangu zamani. Alimfuata hadi uwanja wa ndege, akazungumza naye kama ndugu, akaendelea kwenda kwa upande huu na ule. Aprili 19 Mandela, De Klerk na Buthelezi walitia saini mkataba. Karatasi za kura zilikuwa zimekwisha kuchapishwa, ikabidi kibandiko chenye jina la Inkatha kiongezwe chini ya kila karatasi. Kibandiko hicho kidogo kiliokoa maisha ya watu wasiohesabika.

Tujiulize: ni nini alichokuwa nacho Okumu ambacho wale wakubwa hawakuwa nacho? Elimu walikuwa nayo, na huenda kumzidi. Alichowazidi ni kuaminiwa na yule aliyenuna, na subira ya kusikiliza baada ya wenye haraka kuondoka. Harvard ilimpa lugha ya kuzungumza na marais. Heshima ya kumkabili mtu mzima aliyeudhika, bila kumdhalilisha mbele ya watu wake, si jambo linalofundishwa kwa ubao na chaki. Mwanafunzi anayekwenda ng'ambo akiyaacha hayo nyumbani kana kwamba ni ushamba atarudi na nusu ya elimu.

Mfano wa pili ni wa uchungu. Dakta Robert Ouko, aliyekuwa mbunge wa Kisumu Mjini na Waziri wa Mambo ya Nje, alisomea uhusiano wa kimataifa nje ya nchi.  Februari 1990 alitoweka kutoka nyumbani kwake Koru, na mwili wake ukapatikana karibu na kilima cha Got Alila. Kisumu iliwaka ghadhabu. Wapelelezi wa Scotland Yard waliletwa. Tume ya Jaji Gicheru ikaundwa, kisha ikavunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Kifo hicho kinatufundisha nini kuhusu masomo tunayoyazungumzia? Kwamba amani isiyoambatana na ukweli ni jeraha lililofunikwa kitambaa safi. Tangu risasi zilizofyatuliwa mjini Kisumu Oktoba 1969, siku Mzee Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi, ukingo huu wa ziwa umekuwa na orodha ndefu ya vifo visivyo na majibu. Kila uchaguzi unapokuja, orodha hiyo hufunguliwa tena. Mtaalamu wa migogoro atakayewaambia watu wa Kisumu wadumishe amani bila kuigusa orodha hiyo hatasikilizwa, hata akiwa na shahada tatu.

Mfano wa tatu unatoka mbali kidogo na ziwa, lakini ni wa Kenya yetu. Marehemu Dekha Ibrahim Abdi hakuanzia ng'ambo. Alianzia Wajir, ambako mapema katika miaka ya 1990 koo zilikuwa zikiuana. Yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mama wa ukoo wowote aweza kuuza na kununua bila kubaguliwa. Kutoka sokoni wakawafuata wazee, kutoka kwa wazee wakawafuata vijana na wakuu wa Serikali. Mwaka 2007 Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood, na hadi alipofariki mwaka 2011 alikuwa akiwafundisha wageni wa nchi nyingi. Yaani njia iligeuka: elimu ilitoka Wajir kwenda ulimwenguni.

Kisumu nayo ina soko la Kibuye. Ina akina mama wa Obunga wanaokaanga mgongo wazi, ambao mji ukifungwa siku tatu kwa vurugu hulala njaa na watoto wao. Ni msomi yupi wa uzamili aliyeketi nao akawauliza jinsi wanavyojua, siku mbili kabla, kwamba ghasia zinakuja? Wanajua. Wanayo maarifa ambayo vyuo vya ng'ambo huyaita tahadhari ya mapema na kuyasomesha kwa ada kubwa.

Mada za tasnifu zimejaa tele. Kipo kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo kuliko uwanja wa kandanda, uliosababisha mvutano kati ya Kenya na Uganda tangu miaka ya 2008 na 2009, na ambako wavuvi hukamatwa na kunyang'anywa samaki kwa mbuta waliovuliwa katika maji ambayo kila upande unayadai. Samaki hajui mpaka, lakini mvuvi hulipa faini. Lipo soko la Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, ambako watu wanaouziana mboga na mifugo asubuhi walipigana na kuuana mwaka 2023. Ipo historia ya shamba la Miteitei huko Tinderet, ambako mapigano ya kikabila yalianza Oktoba 1991, na ambayo Tume ya Jaji Akiwumi iliiandikia ripoti iliyotolewa mwaka 2002 na kuachwa ikikusanya vumbi. Haya si masuala madogo ya vijijini. Ni masuala ya ardhi, mpaka, riziki na dola, yale yale yanayowashughulisha wanazuoni wa Geneva.

Basi lifanyike nini? Kwanza, mwanafunzi mwenyewe aondoke na swali lake mkononi. Atakayefika ng'ambo bila swali atapewa la wenyeji, na atarudi akiwa bingwa wa mitaa ya Brussels ilhali haijui Nyalenda. Wafadhili wengi hawamkatazi mtu kuandika tasnifu kuhusu kwao. Baadhi yao, kama mpango wa Chevening wa Uingereza, humtaka mhitimu arudi kwao kwa angalau miaka miwili.

Pili, Serikali za kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia zitenge nafasi kwa wataalamu hawa. Ni rahisi kuwalaumu vijana kwamba hawarudi. Lakini anayerudi na shahada ya utatuzi wa migogoro hukuta kwamba kazi ya kupatanisha watu imeachiwa chifu na mkuu wa polisi, na nafasi nyingine ni za mashirika ya kigeni yenye ofisi Nairobi. Kijana huyo akipanda ndege tena, tumlaumu nani?

Tatu, kila tasnifu inayoandikwa kuhusu eneo hili iache nakala Maseno na Bondo, pamoja na muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili na Kijaluo ambao waweza kusomwa katika baraza la chifu. Watu waliohojiwa wana haki ya kujua kilichoandikwa juu yao. Ni aibu kwa mzee wa Sondu kusimulia kifo cha mwanawe, kisha kisa hicho kikafungiwa katika maktaba ambayo hataiona maishani.

Nne, tusisahau vyuo vya jirani. Masinde Muliro, Kakamega, kina masomo ya amani. Makerere, Kampala, kina kituo cha amani cha Rotary kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2021. Mwanafunzi Mkenya na mwenzake wa Uganda wakiketi darasa moja, Migingo hukoma kuwa habari ya magazeti ikawa mjadala kati ya watu wanaofahamiana.

Mwisho, wahitimu hawa wapewe nafasi ya kufundisha katika vyuo vya polisi. Askari anayepelekwa Kondele usiku wa kutangazwa matokeo ya kura amefundishwa kulenga shabaha. Ni nani aliyemfundisha kuzungumza na kundi la vijana wenye hasira, kutofautisha mwandamanaji na mporaji, na kurudi nyuma hatua kumi bila kujiona ameshindwa? Elimu hiyo ipo. Watoto wetu wameisoma kwa jasho la wazazi wao. Kuiacha ikae kwenye fremu ukutani ni ubadhirifu.

Uchaguzi mkuu wa 2027 umekaribia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tumekwisha kujenga kuta nyingi, tena kwa makaburi. Kijana anayefunga sanduku lake leo na aende kwa amani, asome kwa bidii, na amweleze mzee wake kwa lugha wanayoielewa wote wawili kwamba kazi anayokwenda kuisomea ni ya kuhakikisha kuwa usiku wa matokeo ya kura, kila mama wa Nyalenda atafunga mlango wake na kuwakuta watoto wake wote salama asubuhi. Kazi hiyo mzee ataielewa, na harambee yake hataijutia.